Mizani isitupwe bado: polima, viyeyusho na programu

Siku hizi hoja ya kwamba kupima michanganyiko ya polima (molekuli za minyororo mirefu, kama za plastiki) na viyeyusho kumepitwa na wakati, kwa kuwa programu inakisia yote, ina wafuasi wengi. Ina nguvu, sitaibeza. Mwenye kiwanda cha rangi au gundi pale Namanve, eneo la viwanda karibu na Kampala, hawezi kupima kila kiyeyusho kwa kila kiwango na kila joto. UNIFAC, njia ya kukisia tabia ya michanganyiko iliyotoka mwaka 1975, huigawa molekuli katika vikundi na kujumlisha michango yake. Mwaka 1978 watafiti Oishi na Prausnitz wakaiongezea hesabu ya nafasi huru, yaani nafasi tupu kati ya molekuli, ili ifae polima. Hapo kompyuta ya kawaida inatosha.

Ila inategemea umeiuliza nini. Chukua mlinganyo wa Flory na Huggins, unaokisia mvuke wa kiyeyusho kilichochanganyika na polima. Rangi inakauka, kiyeyusho kimebaki sehemu moja ya kumi kwa ujazo. Weka kigezo χ, kinachopima jinsi polima na kiyeyusho visivyopatana, kuwa 0.4: shinikizo la mvuke ni asilimia 34 ya lile la kiyeyusho kitupu. Weka 0.6, linakuwa asilimia 40. Tofauti ndogo, nani ataijali? Lakini kwa polima za minyororo mirefu, mpaka wa kuyeyuka ni 0.5. Chini ya hapo gundi inatulia vizuri ndani ya pipa. Juu ya hapo inaweza kujitenga, tabaka zito chini na jepesi juu. Kosa lilelile la 0.2, ambalo kwenye grafu ya mvuke halionekani sana, linakuharibia pipa zima. Na ni grafu za mvuke tunazoonyeshwa kila mara kama ushahidi! Tena χ haikai mahali pamoja: kwa polistairini (plastiki) ndani ya kiyeyusho cha saikloheksani hupanda kadiri polima inavyozidi.

Kupima nako kuna adha zake, hasa kusubiri. Gharama, hata hivyo, hutiwa chumvi. Wanga wa muhogo ni polima, na maji ndiyo kiyeyusho chake. Weka chumvi ya mezani na maji kidogo, sehemu ya chumvi hiyo ibaki bila kuyeyuka, ndani ya chombo kilichofungwa kabisa: unyevu wa hewa yake utakaa karibu asilimia 75. Ingiza wanga mkavu, subiri, pima uzito. Kisha ingiza wanga uliotoka kwenye unyevu mkubwa zaidi. Huu wa pili utabaki na maji mengi kuliko ule wa kwanza, katika hewa ileile. Mlinganyo wa msawazo, yaani wa hali iliyokwisha kutulia, unatoa jibu moja tu, na anayenunua wanga kwa kilo atataka kujua analipia upi.