Mwigizaji Mmoja, Ubaguzi wa Jiji Zima

Tamthilia za mwigizaji mmoja zina mvuto wake Nairobi, na sababu ya kwanza ni mfuko. Kukodisha ukumbi ni ghali, waigizaji wanane wanataka nauli na chakula wiki nzima ya mazoezi, na makundi mengi hujikimu kwa kuwachezea wanafunzi vitabu vya kutahiniwa. Mtu peke yake akiwa na kiti na taa mbili hahitaji kumpigia magoti mfadhili. Lakini msanii wa aina hii anapoigiza ubaguzi wa rangi uliompata yeye mwenyewe, linazuka swali ambalo halihusu pesa: je, machungu ya mtu mmoja yanatosha kueleza jambo lililojengwa kwa sheria na kwa unyang'anyi wa ardhi?

Wanaoitetea fani hii wana hoja nzito. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza kumbagua mtu kwa rangi au kabila lake, kwa hiyo ni nadra kumkuta mbaguzi akitangaza msimamo wake mlangoni. Mwaka 2015, ilipobainika kwamba mkahawa mmoja wa Kichina jijini ulikuwa ukiwazuia Waafrika kuingia saa za jioni, nchi nzima ilipiga kelele na mkahawa ukafungwa. Mengi hayafiki huko. Hupita kwa jicho, kwa kimya, kwa swali la "wewe unatafuta nani hapa?" Mambo hayo hayana risiti ya kupeleka mahakamani, ila mwili wa mwigizaji unaweza kuyaweka wazi.

Kuna onyesho nililotazama ambamo mwigizaji alimcheza mlinzi wa lango la jumba la maduka. Akaomba buti la gari lifunguliwe, akapitisha kioo chini ya gari, akauliza dereva anaelekea duka lipi. Kisha likaja gari la pili, la mzungu. Mkono uleule ulioshika kioo ukapunga tu: pita. Hakusema neno. Mlinzi huyo ni Mwafrika, na mshahara wake unategemea kujua nani wa kusumbua. Sidhani kuna ripoti ya tume yoyote ingenionyesha hilo kwa nusu dakika.

Hata hivyo, wapinzani hawakosi la kusema. Kwanza, ukumbi hauwezi kubishana na maisha ya mtu. Mhakiki akisema sehemu ya pili ilichosha, anaonekana kama anayekana kwamba msanii aliumizwa, basi watu hupiga makofi na kunyamaza, na kazi dhaifu inajificha nyuma ya ukweli wake.

Pili, na hapa ndipo penye utata zaidi, mwigizaji aliye peke yake analazimika kuwatofautisha wahusika kwa lafudhi. Sasa, mtazamaji wa Nairobi amelelewa na vichekesho vya lafudhi tangu enzi za televisheni moja: Mluhya anaongea hivi, Mkikuyu hivi, Muhindi mwenye duka hivi. Anaposikia tu "wewe nataka nini?" kwa lafudhi ya Muhindi, anaangua kicheko kabla hajasikia tusi linalofuata. Nimeona tukio la kudhalilishwa likigeuka mzaha ukumbi mzima, na mwigizaji, ambaye naye anapenda kuchekewa, akaongeza chumvi. Mtu anayepinga dharau ya rangi anajikuta akiuza dharau nyingine kwa kiingilio kilekile.

Tatu ni historia. Wakati wa ukoloni Nairobi ilipangwa kwa rangi: wazungu Muthaiga, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika Pumwani na Kaloleni, kipande, kitambulisho walicholazimishwa kubeba, kikining'inia shingoni. Kenya National Theatre yenyewe ilifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Mwaka 1977, wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, walipoigiza kwa Kikuyu habari za ardhi na ujira, serikali ilizima onyesho na Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wa tamthilia hiyo, akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Wapinzani wanauliza ni serikali gani itakayotishwa na mtu mmoja anayesimulia alivyolia akiwa masomoni ng'ambo.

Swali hilo lina uzito, ila linachanganya mambo mawili. Kuwa peke yako jukwaani si lazima ujisimulie wewe tu. Mmarekani Anna Deavere Smith, baada ya ghasia za 1991 kati ya Weusi na Wayahudi huko Crown Heights, New York, aliwahoji wahusika wa pande zote, kisha akawaigiza mmoja baada ya mwingine kwa maneno yao wenyewe. Upweke wake jukwaani haukumzuia kubeba mtaa mzima.

Kwa hiyo mimi naegemea kwa watetezi, kwa sharti kwamba msanii amwigize pia anayebagua, na amwigize kwa umakini, bila kumgeuza kikaragosi. Tena wabaguzi wote wasiwe wa London. Simulizi za ng'ambo humwacha Mkenya ametulia kitini, kana kwamba anayeombwa kitambulisho kila kona kwa sababu ana sura ya Kisomali anaishi nchi nyingine. Pengine ndiyo maana kazi hizi hupokewa vizuri sana Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani, ambako waliokuja wengi wanakubaliana nazo hata kabla taa hazijazimwa. Zipelekwe Eastleigh kwa Wasomali, zipelekwe Parklands kwa Wahindi, zikapingwe huko.

Na ule mjadala wa baada ya onyesho nao uangaliwe. Mara nyingi anayewahi maikrofoni hutumia dakika tano kueleza kwamba yeye hana ubaguzi, ana marafiki wa kila rangi, na msanii aliyelowa jasho anabaki na kazi ya kumtuliza.