Usiniulize lita ngapi

Kila nikirudi Dodoma kutoka shambani Manyoni, swali la kwanza ni hilohilo: "Umepata lita ngapi?" Sishangai. Anayetaka kuanza kufuga nyuki huanzishiwa na hesabu: mizinga kadhaa, mara lita, mara bei ya asali, anaondoka na mamilioni kichwani. Naona tunamkosea. Faida iliyonipata mimi ilifika kabla sijarina hata kijiko kimoja.

Nilianza nikiwa nimechoka. Kazi yangu ni ya ofisini, na kwa miaka nilizoea kuitikia nisichokiamini na kusema "hakuna shida" huku shida imenijaa kifuani. Nikanunua mizinga mitatu ya sanduku. Mzee jirani, ambaye wote tunamwita Babu, akanionyesha namna ya kupaka nta ndani ili nyuki wanaotafuta makao wavutwe na harufu. Tukaitundika mitini kwa waya, na waya tukazipaka grisi siafu wasipite. Tuliiweka mbali na nyumba na zizi la mbuzi, maana nyuki wetu ni wakali, hilo mtu asikudanganye.

Miezi minne, mizinga mitupu.

"Babu, nifanye nini tena?"

"Hakuna, mwanangu. Yako umeshamaliza."

Ofisini sijawahi kuambiwa hivyo.

Kundi la kwanza lilipoingia, siku ya kufungua niliiharibu mwenyewe. Ilikuwa jioni, nimevaa wavu usoni, moshi umeshapulizwa mlangoni. Mkono mmoja nimeshika simu, nataka picha ya kurusha ili watu wajue nami ni mfugaji. Ubao wa masega ukaniponyoka, ukaponda nyuki kadhaa. Mara nikasikia harufu kama ya ndizi mbivu. "Rudi nyuma polepole, usipunge mikono," Babu akasema kwa sauti ya chini. Nyuki akiuma huachia harufu hiyo, na wenzake huifuata palepale. Niliumwa mara saba kifundoni, pale glavu ilipoishia. Babu akaikwangua miba kwa ukucha mmoja mmoja. Mwiba ukibaki mwilini huendelea kuingiza sumu, ndiyo maana hutolewa haraka.

Tangu siku hiyo simu inabaki nyumbani.

Mbele ya mzinga hakuna cha kuigiza. Ukienda kwa pupa, nyuki wanakujua kwa mikono yako. Ukiwapumulia karibu, wanachafuka. Safari iliyofuata nilisema wazi, "Shikamoo Babu. Leo naogopa." Akajibu, "Marahaba. Basi leo hatufungui." Tukaketi chini ya mti, tukawatazama wakirudi na chavua ya njano miguuni. Hakunicheka wala hakunishauri. Sikumbuki mara ya mwisho niliposema hofu yangu bila kuipamba, na wiki hiyohiyo nikamwambia bosi wangu kwamba kazi aliyonipa haiwezi kuisha Ijumaa. Sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya chini ya mti.

Ndiyo maana hesabu za lita zinanisumbua. Nyuki kibarua huishi kama wiki sita msimu wa maua, na asali ya maisha yake yote haijazi kijiko cha chai. Anayekuja na ndoo tayari akilini atakata tamaa mwezi wa pili, mizinga ikiwa bado mitupu, na atauza mizinga kabla hajaonja utulivu ule. Mwambieni kwanza kuhusu kusubiri. Mwambieni kwamba kuna siku ataketi tu, na siku hiyo ni ya ufugaji kama nyingine.

Msimu uliopita nilirina masega manne, mengine nikawaachia ya kiangazi. Kabla hatujaondoka Babu aliegemeza sikio ubavuni mwa mzinga, akatulia. "Wapo," akasema, akanipisha. Nikaweka sikio langu palepale, ubao ukiwa bado na joto la jua, nikausikia mvumo wao hadi mashavuni.