Kanabidioli kwa mtoto mwenye kifafa: kipimo kije kwanza

Hoja ya wanaotaka dawa za bangi ziingie hospitalini huwa na nguvu zaidi panapozungumzwa kifafa cha watoto, hasa ugonjwa wa Dravet, ambao kwa kawaida huanza mtoto akiwa bado hajatimiza mwaka na mara nyingi hausikii dawa za kawaida. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watoto na vijana 120 wenye ugonjwa huo waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Waliopewa kanabidioli, kiambata cha bangi kisicholevya, walishuka kutoka wastani wa kati wa degedege 12.4 kwa mwezi hadi 5.9, ilhali waliopewa dawa bandia walitoka 14.9 hadi 14.1 tu. Mzazi aliyekesha akimshika mtoto anayekakamaa hahitaji kuelezwa uzito wa tofauti hiyo, na mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa yenyewe.

Hata hivyo, wanaosita hawakosi sababu. Kilichopimwa pale si msokoto wala mafuta yanayouzwa kwa siri. Ni dawa ya maji yenye miligramu 100 katika kila mililita, ambayo mtoto wa kilo 20 huanza kupewa nusu mililita asubuhi na nusu jioni, ikivutwa kwa bomba lenye mistari ya vipimo. Chupa ya mtaani inaweza kuwa na THC, kiambata kinacholevya, kwa kiasi asichokijua hata muuzaji. Kwenye maumivu sugu ushahidi ni dhaifu zaidi.

Sheria nazo zinasogea. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi katika orodha ya dawa zinazobanwa zaidi, kwa kura 27 dhidi ya 25, na mwaka 2021 Rwanda ikaruhusu kilimo chake cha tiba, lakini kwa ajili ya kuuza nje. Inaniuma kwamba mmea ulimwe kwetu na dawa iishie kwa wagonjwa wa mbali.

Pamoja na uchungu huo, sikubali tuanze kiholela. Kanabidioli huweza kupandisha vimeng'enya vya ini, ishara kwamba ini huenda linaumia, hasa kwa mtoto anayetumia pia valproeti, dawa iliyozoeleka katika kliniki za kifafa. Tuanze na watoto wachache, katika hospitali za rufaa zenye uwezo wa kupima ini kabla ya dozi ya kwanza, kisha baada ya mwezi mmoja, mitatu na sita.