Anayebisha habari za Freemason anabisha nini hasa

Ukisema mbele za watu kwamba huamini Freemason wanagawa utajiri kwa damu, jibu huja papo hapo: wewe hujui dunia inavyoendeshwa. Mbishi huonekana mtu aliyelala, au mbaya zaidi, huonekana ni mmoja wao. Naona anaonewa. Hasikilizwi hadi mwisho, kwa sababu watu wanadhani anakana mambo ambayo wala hayakani.

Hakani kwamba Freemason wapo. Wana jumba lao Sokoine Drive, Dar es Salaam, na jingine Nyerere Road, Nairobi, na mpita njia yeyote anaweza kuyaona. Hakani kwamba wanakula viapo milango ikiwa imefungwa. Wala hagombani na Kanisa Katoliki, ambalo limewakataza waumini wake kujiunga tangu 1738 na likarudia katazo hilo 2023, au na wanazuoni wa Kiislamu wanaoukataa uanachama huo. Hayo ni mambo ya imani, na muumini anaweza kuyashika bila kuhitaji habari za nyoka anayetapika noti. Anachokana ni mnyororo mmoja tu: mtu kajiunga, kamtoa ndugu yake kafara, pesa zikaingia.

Wanaoamini wana hoja moja nzito, na haifai kupuuzwa. Tarehe 17 Machi 1981, wapelelezi wa Italia waliokuwa wakifuatilia nyendo za mwenye benki Michele Sindona walipekua ofisi ya Licio Gelli huko Castiglion Fibocchi, karibu na Arezzo. Walikuta orodha ya majina 962: mawaziri, wabunge, majenerali, wakuu wa idara za usalama, wenye vyombo vya habari. Ilikuwa orodha ya loji, yaani tawi la Freemason, iliyoitwa P2, na Gelli ndiye aliyeiongoza. Serikali ya waziri mkuu Arnaldo Forlani ikaanguka, na mwaka uliofuata ikapita sheria ya kupiga marufuku vyama vya siri. Baada ya hapo huwezi kumwambia mtu kwamba wakubwa hawakutani gizani. Wanakutana. Ila kilichowaangusha kilikuwa karatasi, na nguvu zao zilitoka kwenye benki, vyeo na kubebana, vitu ambavyo mpelelezi anaweza kuvifuata kimoja kimoja.

Sasa linganisha na loji ya kawaida inavyompokea mtu. Anayeomba lazima aamini kuwa Mungu yupo, na wanachama wawili wanaomfahamu waweke sahihi kwenye fomu yake. Anahojiwa. Kisha wanachama wanapiga kura ya siri kwa vigololi, cheupe cha kukubali na cheusi cha kukataa. Kwa kanuni za Kiingereza, ambazo loji nyingi za huku zilizifuata, vyeusi vitatu vinatosha kumwangusha, na loji inaweza kujiwekea idadi ndogo zaidi. Akipita, analipa kiingilio, na kila mwaka analipa ada. Kabla ya kupokewa daraja la kwanza kati ya matatu, anatakiwa atamke kwamba hakuja kwa tamaa ya mali. Ukifuata pesa katika utaratibu huu wote, zinatoka mfukoni mwa mwanachama.

Mfano wa karibu ni Sir Andy Chande, mfanyabiashara wa Tanzania aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928, akakulia Bukene, Tabora, na akaongoza Freemason wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi bila kuficha. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, biashara ya kusaga nafaka ya familia yake ilitaifishwa. Alikuwa tayari ni mwanachama wa miaka zaidi ya kumi. Hakuna nguvu ya loji iliyozuia vinu visichukuliwe. Serikali ile ile ikamwomba aendeshe shirika la umma la usagishaji, naye akakubali. Mwenye kuamini atasema hapo ndipo walipombeba. Lakini kama kupoteza mali ni ushahidi na kupewa kazi nako ni ushahidi, basi hakuna kitu duniani ambacho kingeweza kuonyesha kwamba dhana hiyo ina kosa.

Matapeli ndio walioielewa imani hii kuliko wengine wote. Ujumbe unaingia kwenye simu: mimi ni wakala mkuu wa Freemason, ukitaka utajiri piga namba hii. Ukipiga, kwanza unaombwa hela ya fomu. Inawekwa ndogo makusudi, kiasi ambacho mtu anaweza kukikopa kwa jirani, na unaambiwa utume na ya kutolea. Kisha inakuja ya pete, ya kitambulisho, ya kufungua akaunti ambamo mamilioni yanadaiwa kukusubiri. Kila hatua kubwa kidogo kuliko iliyotangulia, kwa sababu aliyekwisha kutuma mara mbili anaogopa kupoteza alichokwisha kutoa. Ukisita, vitisho vinaanza: umeshaapa, ukirudi nyuma utakufa. Na aliyelizwa haendi polisi. Ataanzaje kueleza kwamba alikuwa tayari kujiunga na watu wanaosemwa wanaua? Utapeli huu haumpati mbishi. Unampata aliyekwisha kuaminishwa na jamii nzima kwamba bidhaa hiyo ipo.

Hata hivyo linaloniuma zaidi liko msibani. Mtoto amekufa kwenye ajali ya basi, na baba ana maduka mawili na gari. Kabla matanga hayajaanuliwa, nyuma ya turubai, kwenye masufuria ya pilau, watu wananong'ona: kamtoa. Mama anarudi kupokea pole kutoka kwa mikono ya watu wanaoamini mumewe kamuuza mwanawe. Hawezi kujibu, maana hakuna aliyesema wazi. Na wakati huo huo maswali yenye majibu hayaulizwi. Breki zilikaguliwa lini? Dereva aliendesha saa ngapi bila kupumzika? Nani aliyeruhusu basi lile litoke kituoni? Mwenye basi anaweza kuja msibani, akatoa rambirambi, akaondoka na jina safi. Kafara imembebea mzigo wake.

Jambo hilo hilo limewahi kutokea kwa ukubwa wa nchi. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume kuchunguza ibada za shetani nchini Kenya. Ripoti ilipotolewa hadharani mwaka 1999 ilisheheni habari za kafara za watu na miujiza, na iliwataja Freemason pamoja na Mashahidi wa Yehova na Wamormoni kama makundi ambayo wafuasi wa shetani wamejipenyeza. Sasa angalia miaka yenyewe. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 1993, kampuni ya Goldenberg ililipwa na serikali fidia ya 35% kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi. Kenya haikuwa ikichimba almasi, na dhahabu yake ilikuwa kidogo mno. Huo ulikuwa mpango wa siri wa kweli, wenye wakubwa ndani yake.

Aliyeufichua hakuhitaji maono. Alikuwa David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya, aliyeona kwenye meza yake fomu za malipo zisizoendana na mali yoyote iliyosafirishwa, akazipeleka nakala kwa wabunge wa upinzani. Alikamatwa mwaka 1993, akashtakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali, na hata baada ya kesi kuisha hakurudishwa kazini. Alifariki mwaka 2006. Kilichomponza kilikuwa bahasha ya fomu.