Kichwa cha Mjomba na Kichwa cha Samaki

Kwenye foleni ya nasi kandar, wali wa michuzi, mjini George Town katika kisiwa cha Penang, Malaysia, mteja hashiki sahani. Sahani anayo mhudumu, yuko upande wa pili wa kaunta, na kila akitiacho humo utakilipia. Nilimweleza Mjomba hayo tangu nyumbani. Akaniambia yeye alianza kupakua wali kabla mimi sijazaliwa.

Ni kweli. Mjomba ni mpishi wa shughuli, Ngamiani, Tanga. Harusi ya masufuria kumi anaipika huku anapiga soga. Alikuwa anatoka China, alikokwenda kutafuta mashine ya kukamulia miwa, akapitia kwangu kabla ya kurejea nyumbani. Mtu wa wali nikaona nimpeleke kwenye wali.

Kandar ni mzegazega. Zamani Waislamu wa Kitamil, wenye asili ya kusini mwa India, waliuweka begani wakazunguka nao mitaani na bandarini, huku wali, huku mchuzi, wakiwalisha makuli asubuhi. Mji wenyewe Waingereza waliuanzisha mwaka 1786, na 2008 UNESCO ikauingiza kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Melaka. Mzegazega umekwisha kustaafu. Wali sasa unauzwa dukani, nyuma ya kioo, chini ya feni, na maduka mengine hayafungi usiku wala mchana.

Foleni huenda haraka, na anayesitasita husukumwa kwa macho. Kwanza unaulizwa wali, mweupe au wa biriani. Kisha kitoweo: kuku wa kukaanga, nyama ya ng'ombe nyeusi yenye soya, mbuzi, ngisi, kamba, samaki. Kisha bamia, kabichi, karela za kukaanga, yai. Mwisho mchuzi, na hapo ndipo penye ufundi. Mhudumu hachoti chungu kimoja. Anachota nusu upawa wa kuku, kidogo wa samaki, kidogo wa ngisi, halafu ule mweusi wa nyama, vyote juu ya wali uleule. Huo mchanganyiko ndio kuah campur, na bila huo umekula wali na kuku tu, chakula ambacho kipo hata Segera. Ukitaka wali uogelee unasema "banjir", mafuriko. Ukitaka mchuzi kando sema "kuah asing" kabla upawa haujainuka.

Mtego uko kwenye bei. Kuku, yai na mboga vina bei ya kueleweka. Kamba wakubwa wa mtoni, mayai ya samaki, ngisi mwenye mayai na kichwa cha samaki hutozwa kwa ukubwa, na mwenye kuupima ukubwa huo ni jicho la keshia. Sahani ya kuku, bamia na yai ilikuwa ikinigharimu ringgit 13 hivi, na ringgit moja ni zaidi ya shilingi 500 za Tanzania. Kamba mmoja tu anaweza kuizidi sahani hiyo nzima. Kwa hiyo unanyoosha kidole kwenye kioo, unauliza "berapa?", unatajiwa bei, ndipo unaamua. Ukiuliza kitu kikiwa tayari kimekaa juu ya wali, hiyo si bei tena, ni taarifa.

Mjomba akatangulia, kanzu yake nyeupe imenyooka, kofia ya kiua kichwani. Kati yetu wakajipenyeza wasichana watatu wa ofisini, nami adabu ikanizuia kuwapita.

Sasa, Watamil wana namna yao ya kuitikia. Hawainamishi kichwa mbele na nyuma. Wanakiyumbisha, sikio likaribie bega la kulia, kisha la kushoto, polepole, mara mbili tatu. Hiyo ni ndiyo, sawa, nimekuelewa. Mjomba naye ana namna yake ya kukataa chakula. Hatikisi kichwa kwa nguvu, maana huo ni ufidhuli mbele ya riziki ya mtu. Hufumba macho, huweka mkono wa kulia kifuani, kisha huyumbisha kichwa taratibu, huku na huku, kwa masikitiko.

Akatiliwa kuku, akafurahi. Mhudumu, kijana mwenye masharubu, akagusa kamba kwa ncha ya upawa na kumtazama. Mjomba akafumba macho, mkono kifuani, akayumbisha kichwa. Kamba akapanda sahani. Mjomba akafumbua macho, akamwona, akadhani hakueleweka. Akarudia kwa masikitiko makubwa zaidi. Akaongezwa wa pili.

"Mjomba!" niliita. "Inua kiganja! Mwambie cukup!"

"Nimeshamkatalia mara mbili!"

"Usimkatalie kwa kichwa!"

Maana hakuna mhudumu wa nasi kandar anayesoma kichwa cha mgeni. Kiganja kilichofunguka na "cukup", inatosha, hiyo inaeleweka kuanzia bandarini hadi uwanja wa ndege. Lakini Mjomba alikuwa ameshafika kwenye ngisi. Yule kijana hajapata kuona mteja mwenye heshima namna ile, anayeitikia chakula kwa macho yaliyofumbwa, mkono moyoni. Akaanza kumchagulia vilivyonona. Ngisi mwenye mayai tumboni. Kipande cha mayai ya samaki kama ndala ya mtoto. Kila Mjomba alipozidi kukataa, kijana naye alizidi kumwitikia kwa kichwa chake, wakawa wanayumbiana pande mbili za kioo, na foleni nzima imetulia inawatazama.

Kisha kikaja kichwa cha samaki, kizima, macho yametoka. Mjomba akaacha ustaarabu. Akatikisa kichwa kwa nguvu zote hadi kofia ikakaa upande. Kijana akampigia kelele mwenzake alete sahani ya pili, kubwa.

Mchuzi ndio uliomvunja. Mtu wa Tanga biriani lake lina mpaka: wali huku, rosti kule, na anayechanganya ni mlaji mwenyewe. Mjomba alipoona upawa wa kwanza unamwagika juu ya wali alinyamaza. Wa pili akasema "Subhanallah". Wa nne akanigeukia. "Mjomba," akaniita, maana naye huniita hivyo hivyo, "huyu bwana ananizamishia wali."

Tulipokaa alikuja muuza vinywaji. Kwenye maduka haya hufuatwi na karatasi ya orodha, unatamka tu. "Teh tarik" ni chai ya maziwa mazito ya kopo, inayomiminwa toka kopo hadi kopo mpaka itoe povu. Tamu sana, na asiyetaka utamu wote huongeza "kurang manis". "Teh o" haina maziwa. "Ais" ni ya barafu. (Kwenye vile vioski vya kahawa vya Wachina mambo ni mengine: vibanda vya chakula vina wapangaji mbalimbali, vinywaji ni vya mwenye jengo, na ukikaa bila kununua kinywaji baadhi yao hukutoza kwa kukalia kiti. Tena si kila kitu huko ni halali, mafuta ya nguruwe huingia hata kwenye tambi, hivyo Mjomba sikumpeleka.)

Alikula akiwa amenuna. Akaonja wali kwa vidole vitatu, akanyamaza, akaonja tena. Nikamwona anatafuta kwa ulimi, huu wa samaki, huu wa kuku, na huu mweusi umeukata ukali. Kichwa cha samaki alikichambua hadi mashavu. Hakusema neno la sifa, ila mimi alinipa ngisi kipande kidogo kuliko nilivyotegemea.

Keshia akasogea na kikaratasi, akazitazama sahani mbili zilizobaki na mifupa. Ringgit 118. Nikalipa mimi, kwani Mjomba alikuwa na yuan tu, na hata hivyo mgeni halipi.

"Wamenitoza vitu nilivyovikataa," akasema.

"Umevila, Mjomba."

"Ningeviacha vitupwe?"

Aliomba chai ya kwenda nayo. Chai ya kubeba hapa hutiwa kwenye mfuko wa nailoni, moto hivyo hivyo. Kuna vifungo viwili. "Ikat tepi" hufungwa pembeni, mrija unatokeza, unakunywa ukitembea. "Ikat mati" hukazwa kabisa, ni ya kupeleka nyumbani ukamimine kikombeni. Muuzaji akauliza ipi. Mjomba, bila kufikiri, akafumba macho na kuyumbisha kichwa. Akafungiwa ya nyumbani.

Tukiwa tunatoka akasimama. Upishi umemzidi nguvu. "Muulize yule kijana kama naweza kuviona vyungu."

Nikamuuliza. Kijana akatabasamu, akayumbisha kichwa kulia, kushoto, kulia.

"Amekataa," Mjomba akasema. "Twende zetu. Mpishi hamlazimishi mpishi." Akashika njia ya kuelekea Msikiti wa Kapitan Keling, mfuko wa chai unaning'inia kidoleni, na kijana nyuma yetu ameshafunua pazia la jiko.

"Mjomba, amekubali!"

Aligeuka kwa ghafla akaukumbatia mfuko kifuani usimponyoke, na mfuko uliokazwa hauna pa kupumulia. Ukapasuka katikati. Chai ya maziwa ikashuka toka kola hadi pindo, na kwa bahati ilikuwa imekwisha kupoa kidogo.

Basi vyungu aliviona, amevaa kikoi cha kuazima, kanzu imelowekwa kwenye ndoo ya mwosha vyombo. Walikuwa wanaanza mchuzi wa samaki: majani ya mchuzi, mdalasini na tangawizi mafutani, kisha bizari iliyokorogwa na maji ikawa uji mzito, inakaangwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge yaelee juu. Ukimwaga maji kabla ya hapo bizari inabaki mbichi na mchuzi unawasha koo bila ladha. Mjomba aliona kijana anataka kuwahi. Akamshika mkono. Kijana akayumbisha kichwa, Mjomba akadhani anabishiwa, akamnyang'anya upawa, akakaanga mwenyewe kwa dakika kumi nyingine huku anamfokea kwa Kiswahili, na yule kijana akimwitikia kila neno.

Adhana ya Alasiri ilitukuta hapohapo, kanzu bado mbichi.