Damu Yetu Mnaijua, Maswali Yetu Je?

Sisi watu wa kando ya Ziwa Victoria, Kenya, tumechunguzwa na watafiti tukachunguzika. Kuna vijiji vya Siaya ambako mtoto wa darasa la pili akiona gari jeupe limesimama nje ya boma anajua kuna mtu atachomwa kidole. Na matunda yake yapo. Miaka ya tisini, Asembo na Gem ndiko kulikofanyika majaribio makubwa yaliyosaidia kuthibitisha kwamba vyandarua vyenye dawa huokoa watoto. Kisumu mjini, vijana 2,784 waliingia katika utafiti wa tohara uliokatizwa Desemba 2006 kwa kuwa jibu lilikuwa limeshapatikana: tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Chanjo ya malaria ya RTS,S nayo ilijaribiwa Siaya na Kombewa miaka mingi kabla Shirika la Afya Duniani (WHO) halijaipendekeza Oktoba 2021. Nikiwa huku ughaibuni nayataja haya kwa kifua mbele.

Kinachonikera ni kwamba swali likifika kwetu huwa limeshapata mfadhili na limeshapitishwa na kamati ya maadili. Tunabaki kuulizwa kama tunakubali au hatukubali. Najua kuna bodi za ushauri za jamii, tena zina kazi: hurahisisha fomu ya ridhaa, hutuliza uvumi kwamba damu inakwenda kuuzwa, huwaambia watafiti wasije siku ya soko. Lakini bodi iliyoitwa baada ya mpango kuandikwa itashauri namna ya kuuliza tu. Cha kuulizwa kilishaamuliwa na wengine.

Naishi Leeds, kazi yangu ni kutunza wazee. Kupitia kazi hiyo niliwahi kualikwa kwenye kikao cha aina ambayo kwetu sijaiona. Uingereza kuna mpango ulioanza mwaka 2004 uitwao James Lind Alliance, kwa jina la yule daktari wa meli aliyewagawa mabaharia wagonjwa makundi mwaka 1747 na kugundua kwamba waliokula machungwa na malimau ndio waliopona kiseyeye. Mpango huu huchukua ugonjwa au hali moja, ukawauliza wagonjwa, wanaowauguza na wahudumu wa afya: ni jambo gani mngependa utafiti uwajibu? Maswali humiminika. Yale ambayo tayari yana majibu huondolewa, yanayobaki hupunguzwa, kisha watu huketi siku nzima kupanga kumi ya kwanza.

Tulikaa makundi madogo, kila meza na kadi zake, swali moja kwa kila kadi. Jambo lililonishangaza ni watafiti wenyewe: asiyetibu wagonjwa hana kura, na kampuni za dawa hazina kiti. Kwenye meza yetu daktari bingwa mmoja aliisukuma mbele kadi ya dawa mpya. Bibi aliyekuwa akimuuguza mumewe akamtazama, akasema, “Daktari, mume wangu hata uji unampalia. Mimi nataka kujua nitamlishaje.” Kadi ya dawa ikarudi nyuma, ya kulisha ikapanda. Yule bingwa hakununa. Aliomba tu aelezwe zaidi. Nikawaza, huyu mama angekuwa kwetu Ahero, angeyasemea wapi haya?

Wenzetu hawakufika hapo kwa upole wa moyo. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi kuhusu ugonjwa wa kusagika kwa goti, ukaonyesha kwamba tafiti nyingi zilikuwa za dawa, ilhali wagonjwa walitaka zaidi kujua kuhusu upasuaji na jinsi ya kuishi na maumivu. Fedha zilikuwa zinakwenda kusiko na swali.

Lakini msidhani huku ni peponi. Siku ile Waafrika chumbani tulikuwa wawili: mimi, na dada aliyekuwa akimimina chai. Wenye nafasi ya kukaa kikao cha siku nzima ni wastaafu wenye pensheni na lugha ya kujieleza. Na orodha ya kumi bora si hundi. Mfadhili anaweza kuisoma akaiweka kando. Tazama sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, au selimundu kama wanavyoiandika vitabuni. Kila mtoto anayezaliwa Uingereza huchomwa kisigino siku chache baada ya kuzaliwa, na ugonjwa huo ni mmoja wa yanayopimwa. Safi kabisa. Hata hivyo, mwaka 2021 kundi la wabunge wa huko lilitoa ripoti kwamba wagonjwa wa sikoseli, wengi wao weusi, hupuuzwa wakifika hospitali wakilia kwa maumivu, na kwamba utafiti wao hupata fedha haba ukilinganisha na magonjwa mengine ya kurithi.

Sikoseli naitaja makusudi, maana ni ya kwetu. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alizunguka akipima damu za watu. Akaona wenye chembe ya urithi ya sikoseli ni wengi pwani na kando ya ziwa, na nyanda za juu ni wachache. Mwaka 1954 akaeleza sababu: anayerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wote wawili ndiye anayeugua. Yaani malaria na sikoseli zimelala kitanda kimoja miaka na mikaka, ila mmoja amepata wafadhili wa kila rangi na mwingine ameachiwa mama zetu.

Mdogo wangu ana mtoto wa hali hiyo, karibu na Ahero. Nilimwomba anitumie maswali yake kwa WhatsApp, akanitumia sauti ndefu huku kuku wakilia nyuma yake. “Dada, mwalimu amemkataza kutoka nje kila saa, na daktari amesema anywe maji mengi. Sasa asiende haja? Na mbona maumivu humshika usiku wa mvua? Na je, acheze mpira au asicheze?” Si kwamba hakuna kinachofanywa: Homa Bay watafiti waliwahi kulinganisha dawa za kuwakinga watoto wa sikoseli na malaria, kazi ya maana sana. Hata hiyo lakini ilipitia mlango wa malaria.

Mtaniambia mwananchi akiulizwa ataomba maji na dawa zahanati, hataomba utafiti. Basi aombe! Kule Leeds pia nusu ya mazungumzo yalikuwa hivyo. Swali ambalo jibu lake lipo hutolewa kwenye orodha, na hapo ndipo serikali ya kaunti inapojua kwamba tatizo ni huduma, haina haja ya kumwita profesa. Swali la mwalimu na choo huenda halihitaji utafiti wowote, linahitaji barua kutoka ofisi ya elimu. La mvua na maumivu je?

Sisi tuna vyombo ambavyo Waingereza hawana. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeutaja ushiriki wa wananchi. Bajeti ya kaunti hailetwi bila mkutano wa hadhara, hata kama tangazo hutoka jana yake. Tuna baraza, tuna chama cha akina mama cha kuchangiana, tuna wahudumu wa afya ya jamii wanaojua nani anaumwa nini nyumba kwa nyumba. Sitaki tuige kadi za Leeds. Akina mama wa chama wakiketi bila chifu mezani wataorodhesha maswali kabla chai haijapoa. Chifu akiwepo watauliza kuhusu barabara.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya kwetu ilikatika ghafla. Wengi waliuliza fedha zitatoka wapi, na wana haki. Mimi ningependa kaunti za ziwani zianze na jambo la bei nafuu: kabla ya KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, chuo kikuu au mgeni yeyote kuandika mpango wa utafiti Nyanza, apewe kwanza orodha iliyotoka mashinani, na aandike mle ndani anajibu swali namba ngapi, au aeleze kwa nini analiruka. Na waliotoka Nyando hadi ukumbini walipwe nauli na siku yao. Mimi kule Leeds nililipwa.