Strasbourg, Iringa na miji iliyozaliwa kambini

Watanzania wengi wanaozuru Ulaya hurudi nyumbani wakisifu namna wenzetu wanavyotunza historia yao, kisha hutulaumu sisi kwa kuyaacha maboma yetu yaporomoke. Mimi ni mwenyeji wa Iringa ninayeishi Strasbourg, mji wa Ufaransa ulio mpakani na Ujerumani, na sifa hizo nazikubali nusu tu. Mji huu unajivunia kambi ya jeshi la wavamizi wa Kirumi, na unaweza kujivunia bila uchungu kwa sababu ambazo wasifiaji hawazitaji.

Chimbuko linalotajwa ni mwaka 12 KK, pale Drusus, mwana wa kambo wa Kaizari Augusto, alipojenga ngome kando ya mto Rhine akijiandaa kuivamia Germania. Ngome ya hapa iliitwa Argentorate. Lejioni ya Pili, mojawapo ya vikosi vikubwa vya jeshi la Kirumi, ilikaa hapa mpaka mwaka 43 BK, ilipopelekwa kuiteka Uingereza, na kuanzia miaka ya 90 ikaja Lejioni ya Nane Augusta, ambayo ilidumu karne kadhaa na kuacha matofali yenye mhuri wake. Kambi yake ilikuwa na eneo la takriban hekta 20, na ramani yake haijafutika: anayepita leo katika mitaa ya Rue du Dôme na Rue des Hallebardes anafuata njia kuu mbili za kambi hiyo, na kanisa kuu linalopigwa picha na kila mtalii limesimama ndani ya eneo hilohilo.

Nje ya kambi, upande wa magharibi katika kitongoji cha sasa cha Koenigshoffen, walikaa wafanyabiashara, mafundi, wanawake na watoto, yaani watu wote wanaolifuata jeshi kwa ajili ya riziki. Huko ndiko lilikopatikana jiwe la kaburi la Caius Largennius, askari wa Lejioni ya Pili aliyetoka Lucca nchini Italia, na sasa limo katika makumbusho ya akiolojia ya mji. Nikiri kwamba mbele ya jiwe hilo hukaa muda mrefu kuliko mbele ya vyombo vya dhahabu, maana naye alifia ugenini, mbali na kwao.

Mwaka 357, Julianus, aliyekuja kuwa Kaizari baadaye, aliwashinda Waalemani, watu wa jamii ya Kijerumani, karibu na mji huu na kumteka mfalme wao Chnodomarius, ambaye alipelekwa Roma akafia huko. Hata hivyo, haikupita miaka mingi katika karne iliyofuata ulinzi wa Warumi kwenye Rhine ukavunjika, Waalemani wakahamia na kukaa, na lugha ya wazee wa Alsace, eneo ulipo mji huu, hadi leo ni ya jamii ya Kialemani. Hapa ndipo penye sababu niliyoitaja: walioshindwa ndio waliorithi mji. Hakuna anayedai mabaki ya Chnodomarius, kwa kuwa wajukuu zake ndio wanaouza tiketi za kuingia makumbusho.

Iringa ni tofauti kwa umri, ingawa si kwa asili. Wahehe waliwashinda Wajerumani huko Lugalo, karibu na Iringa, mwaka 1891, lakini ngome ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga ilivunjwa kwa mizinga mwezi Oktoba 1894, na mwaka 1896 Wajerumani wakajenga kituo chao cha kijeshi ambacho ndicho kilichokua kuwa mji wetu. Wakati huo Strasbourg nayo ilikuwa chini ya Ujerumani, tangu vita vya 1870 na 1871. Mkataba wa Versailles wa 1919, ulioirudisha Alsace Ufaransa, ndio huohuo ambao katika kifungu cha 246 uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Strasbourg ilirudi papo hapo. Fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954. Mtu anayetaka tulitazame boma la Wajerumani kwa utulivu wa Wafaransa wanaotazama ukuta wa Kirumi anaomba karne kumi na tano zipite kwa siku moja.

Kuna jambo ambalo nisingependa tuwaige hata kidogo. Mwaka 1988 Strasbourg iliadhimisha miaka 2000 ya kuzaliwa kwake, ikihesabu kutoka kwa Drusus, ilhali jina Argentorate lenyewe ni la Wakelti waliokuwepo kabla yake. Vivyo hivyo, anayeanza historia ya Iringa mwaka 1896 anaifuta Kalenga.

Ninachowaonea wivu ni utaratibu wao wa ujenzi. Kwa sheria ya mwaka 2001, mradi unaogusa ardhi yenye mabaki ya kale unaweza kusimamishwa mpaka wanaakiolojia wachimbe na kuandika walichokiona, na gharama za uchimbaji huo humwangukia mjenzi. Boma la Iringa limekuwa makumbusho tangu 2016, na nimefurahi kuona maisha ya Wahehe yakielezwa ndani ya kuta zilizojengwa na waliowashinda. Lakini kama fedha zinatosha kazi moja tu, ningezipeleka kwenye mstari wa ukuta wa Kalenga, upimwe na kuwekewa alama ardhini, kwa sababu boma linaonekana hata na asiyelitafuta, ilhali ukuta wa Mkwawa mgeni anaweza kuukanyaga asijue.